Safu ya Tatu katika Kitabu cha Machinjio

Nilistaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, baada ya kuitumikia idara ya mifugo kwa miaka kumi na sita, miezi kumi na siku ishirini na sita. Vijana wa ofisini walinifanyia tafrija, wakanivisha kitenge, wakaniomba niwaandikie machache ya kazini ili yawafae. Nadhani walitarajia shukrani. Shukrani nilikwisha kuzitoa siku ileile, kwa mdomo, mbele ya soda na pilau. Haya ninayaandika nikiwa na hasira, na chanzo cha hasira hiyo nitakifikia kwa utaratibu wake.

Sitasema habari za vyeo. Aliyepanda na aliyebaki chini wote hula nyama ileile ya bucha ileile, na mimi kazi yangu ilikuwa nyama.

Nilizaliwa upande wa Machochwe, katika nyumba yenye ng'ombe wengi na daftari moja tu, tena la kaka yangu. Darasa la kwanza niliingia nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa sababu baba aliona kwamba ndama wakikosa mchungaji watapotea lakini binti akikosa shule hatapotea kwenda popote. Sikumlaumu sana. Miaka ile ya kuchunga ndiyo iliyonifundisha kumtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajajitambua mwenyewe: masikio yakilegea, pua ikikauka, akisimama kando ya wenzake huku wao wanakula. Niliolewa, nikamzaa binti yangu Bhoke, na mume wangu alifariki nikiwa na miaka ishirini na tisa. Wakwe walikuja na pendekezo la ndugu wa marehemu wa kunirithi. Niliwaambia kwamba ninakwenda shule. Walicheka, na wakaendelea kucheka miaka kadhaa, hadi nilipofanya mtihani wa kidato cha nne katika chumba kimoja na watoto wa rika la Bhoke. Cheti cha mifugo nilikipata nikiwa na miaka arobaini na mitatu. Ninayasema haya kwa fahari, na ili msomaji ajue kwamba makosa nitakayoyasimulia hayakutokana na kutojua ng'ombe.

Nilipangiwa machinjio ya mji mmoja mdogo wa Wilaya ya Serengeti, ambao sitautaja. Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu, tarehe 4 Agosti. Nilikabidhiwa visu viwili, kinoo, aproni, gambuti zilizonizidi namba moja, muhuri wa shaba, chupa ya wino wa zambarau, na kitabu kikubwa cha ukaguzi chenye safu saba. Safu ya kwanza ilikuwa ya tarehe, ya pili ya jina la mwenye mnyama, na ya tatu iliandikwa: hali ya mnyama kabla ya kuchinjwa. Zilizobaki zilihusu mapafu, ini, moyo na mengineyo ambayo huonekana mnyama akishafunguliwa.

Afisa niliyempokea kijiti alikuwa mtu mchangamfu mwenye haraka ya kuhama.

"Mama, hapa usijitese," alisema. "Njoo saa moja na nusu. Watakuwa wamechinja, wamechuna, wametundika. Unakagua, unagonga muhuri, unaenda kunywa chai."

"Na ukaguzi wa kabla?"

"Huo tunajaza."

"Tunajazaje ng'ombe ambaye ameshatundikwa?"

Aliniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni aliyeshuka kituo kisicho chake. "Mama, ng'ombe mgonjwa atafikaje machinjioni? Akishafika, ni mzima. Wewe andika mzima."

Nikaandika mzima. Siku ile waliandikwa watano, nami sikuwa nimeona hata kwato la mmoja wao likikanyaga ardhi. Nilijua kwamba si sawa. Chuoni tulifundishwa siku tatu nzima juu ya ukaguzi wa mnyama akiwa hai: apumzishwe, anyweshwe, atembezwe mbele ya mkaguzi, na asiyeweza kusimama atengwe. Sheria ya ustawi wa wanyama inayataka hayo, na mtihanini niliyajibu vizuri. Lakini mgeni kazini huogopa kuonekana mjuaji, na mjane mwenye mtoto shuleni huogopa mara mbili. Baada ya mwezi mmoja sikuwa mgeni tena, na uongo haukuwa uongo tena, ulikuwa utaratibu.

Mtu mmoja tu hakuukubali, naye hakuwa mtumishi wa serikali. Aliitwa Mzee Shabani, mchinjaji wa machinjio yale. Baba yake alifika wilayani kutoka pwani na cherehani, akaoa, akabaki. Mzee Shabani alikuwa mfupi, msafi kupita kiasi, na alivaa kofia iliyofuliwa kila siku. Kisu chake alikinoa nyumbani, akakifunga kwa kitambaa na kukibeba kwapani. Hakukifungua mbele ya ng'ombe. Alimchinja mmoja nyuma ya ukuta, akamwaga maji hadi damu ikaondoka sakafuni, ndipo akaita wa pili. Ng'ombe aliyefika akihema alimwacha chini ya mti hadi pumzi itulie. Wenye bucha walimwona kuwa ni hasara inayotembea.

Aliyemsumbua zaidi ni Mwita, mwenye bucha mbili pale mjini, mtu wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa.

"Mzee, ng'ombe hajasoma," Mwita alimwambia asubuhi moja nikiwapo. "Unamficha kisu, kwani atakijua?"

"Wewe daktari akinoa kisu mbele ya kitanda chako, utalala?"

"Mimi nina akili, mzee."

"Na yeye ana macho. Ngoja zamu yako."

Mimi nami sikusalimika. Nilipofika na gambuti zangu saa moja na nusu, na kumwamkia "Shikamoo mzee," alijibu marahaba kwa adabu, kisha akawageukia wachunaji. "Afisa wetu amefika. Anawafahamu marehemu wote wa mji huu. Walio hai bado hawajatambulishwa kwake." Wachunaji walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu nilidhani ni utani.

Vijana wanaoingia kazini wanapaswa kujua ng'ombe wale walifikaje pale, maana wengi wenu mmezaliwa mjini. Walinunuliwa mnadani, na waswagaji wakawaswaga kwa miguu siku moja au mbili, mara nyingi bila maji, kwa sababu ng'ombe aliyekunywa huchelewa. Aliyechoka akalala njiani aliinuliwa kwa mkia. Mkia wa ng'ombe una pingili nyingi. Mswagaji huikunja pingili ya mwisho hadi ivunjike, ng'ombe akaruka na kusimama. Akilala tena, anahamia pingili inayofuata. Pingili zikiisha kuna pilipili, ambayo hupakwa machoni. Nilikuwa nikiona mikia ile imepinda kama kamba yenye mafundo, na mapaja yaliyovilia damu mahali fimbo zilipopita. Nilikata sehemu iliyovilia, nikaitupa, na kuandika kasoro ndogo.

Sisi Wakurya tunapenda kusema kwamba hakuna anayempenda ng'ombe kutushinda. Ni kweli, na ndiyo maana ninakasirika. Mwita huyohuyo alikuwa na zizi nyumbani kwake, na kila ng'ombe mle alikuwa na jina. Fahali wake mkubwa alipoumwa na nyoka akafa, Mwita alifunga bucha zote mbili kwa siku mbili, na wazee walikwenda kumpa pole nao hawakuona ajabu. Mtu huyohuyo aliwapa waswagaji pilipili kwa mkono wake. Nilipomuuliza tofauti, alinijibu bila hata kukunja uso: "Mama Bhoke, wale wa zizini ni wangu. Hawa ni nyama."

Basi walikuwa nyama kuanzia mnadani. Walitembea siku mbili wakiwa nyama.

Sasa nifike Alhamisi, tarehe 23 Desemba, mwaka wangu wa tatu kazini. Ninayoyasimulia kuhusu alfajiri ile niliambiwa na Mzee Shabani, na Mwita hajawahi kuyakanusha. Keshokutwa yake ilikuwa Krismasi na kila nyumba ilitaka nyama. Mwita alileta ng'ombe sita. Watano waliingia kwa miguu yao. Wa sita, jike jekundu lenye baka jeupe usoni, aliletwa kwenye tela la trekta, akashushwa kwa kuvutwa miguu, akabaki kalala kwa ubavu. Mkia wake haukuwa na pingili nzima hata moja. Walimpaka pilipili, akafumba macho tu.

Mzee Shabani alimchuchumalia, akamwekea maji kwenye sahani, hakunywa.

"Huyu simchinji."

"Mzee, yuko hai huyu. Tazama ubavu unavyopanda."

"Yuko hai kwa hesabu ya dakika. Kisu changu kikitangulia au roho ikitangulia, nani atajua? Mtalisha watu kibudu. Mwacheni kivulini. Akisimama jioni, nitamchinja. Asiposimama, mfukieni."

"Keshokutwa ni sikukuu."

"Ya kwako. Yake hii siyo."

Mwita hakubishana zaidi. Alimwita mmoja wa waswagaji wake, akampa kisu cha kuchunia, na ng'ombe akachinjwa palepale alipolala, mbele ya wenzake watano.

Nilifika saa moja na nusu. Sita walikuwa wametundikwa, wameoshwa, wanang'aa. Nilianza kazi yangu na niliifanya vizuri; hilo ndilo linaloniuma. Nilipasua mitoki, nikakagua mapafu, nikakata ini nikitafuta minyoo, nikachana moyo nikitafuta viini vya tegu. Wa sita nyama yake ilikuwa nyeusi kuliko ya wenzake na damu haikuwa imetoka yote. Niliiona. Paja zima lilikuwa limevilia, nililikata. Ugonjwa sikuuona. Nilipochovya muhuri, Mzee Shabani alisogea, akasimama kati yangu na nyama.

"Mama Bhoke, huyu usimgonge. Hukumwona."

"Mzee, nimemkagua mwili mzima."

"Umeukagua mwili. Yeye hukumwona. Aliletwa kwenye tela."

Mwita alikuwa nyuma yangu, amekunja mikono. Watu walikuwa wanasubiri nje na vikapu. Nilisema maneno ambayo ningependa kuyasahau, lakini kumbukumbu yangu haina huruma: "Mzee, kila mtu na kazi yake. Nyama haina ugonjwa." Nikagonga muhuri mara nne. Kisha nikafungua kitabu, safu ya tatu, mstari wa sita, nikaandika mzima.

Nilinunua kilo mbili za nyama ileile. Jumamosi, sikukuu, nilimpikia Bhoke. Ilikuwa ngumu, nyeusi, na haikulainika kwa saa tatu. Bhoke aliniuliza, "Mama, huyu ng'ombe alikuwa mzee?" Nilimwambia ale.

Jumatatu, tarehe 27, Mwita alikwenda ofisini kwetu na kuomba kitabu cha machinjio. Alishtaki kwamba mchinjaji amekataa kuchinja ng'ombe asiye na kasoro siku mbili kabla ya Krismasi, akamtia hasara na kumharibia jina. Mkuu wetu alifungua ukurasa. Mwandiko ulikuwa wangu, mzuri, wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na kwa hiyo haandiki ovyo. Mzima. Mzee Shabani, aliyechinja pale miaka ishirini na miwili, aliambiwa mchana uleule asirudi tena. Hakupewa nafasi ya kusema, maana kitabu kilikuwa kimeshasema.

Nilikwenda nyumbani kwake Jumapili, tarehe 2 Januari, saa kumi jioni, nikiwa na sukari na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima. Nilimkuta barazani anakata soli za makubadhi kutoka kwenye ngozi. Alipokea sukari, akampa mkewe. Maneno hakuyapokea.

"Radhi ya nini, mama? Umenipiga?"

"Niliandika nisichokiona."

"Mara ngapi?"

Aliendelea kukata.

"Mimi nakula nyama," alisema baadaye, "na nimechinja maisha yangu yote. Tumeruhusiwa. Lakini ruhusa ina masharti, na sharti la kwanza ni kwamba yule unayemchukulia roho umtazame. Ukimtazama utajua kama amechoka, utajua kama anaogopa, utajua ukali wa kisu unaohitajika. Mwita hataki kutazama kwa sababu akitazama atakuta ng'ombe. Yeye si mjinga, anajua. Wewe je, ulikuwa unakimbia nini?"

"Naogopa kupoteza kazi, mzee."

"Mimi nimeshaipoteza. Si nzito kama unavyodhani." Alinipa kikombe cha kahawa. "Usiniombe radhi. Nenda kalifute lile neno."

"Lipi? La mstari wa sita?"

"Yote ambayo hukuyaona."

Hiyo ndiyo kazi aliyonituma, na nafasi yake ya kurudi pale ilitegemea kama nitaifanya. Nilikaa siku nane nikitafuta njia nyingine. Jumatatu, tarehe 10 Januari, niliandika barua ya kurasa mbili kwa mkuu wa idara. Nilieleza kwamba tangu tarehe 4 Agosti ya mwaka nilioanza kazi hadi tarehe 23 Desemba sikumwona hata ng'ombe mmoja akiwa hai pale machinjioni, kwamba kila neno katika safu ya tatu ni la uongo, na kwamba mchinjaji alifukuzwa kwa ushahidi wa uongo wangu.

Mkuu aliniita kabla ya saa nne. Alikuwa mtu mpole asiyependa mlango kufunguliwa kwa nguvu.

"Mama Bhoke, unajua barua hii inamshtaki nani?"

"Inanishtaki mimi."

"Inatushtaki sote. Unadhani kuna mkaguzi anayeamka alfajiri kwenda kuamkiana na ng'ombe? Wilaya nzima inaandika mzima. Una mtoto anasoma. Ichukue, ichane, twende tukanywe chai."

"Chai ndiyo iliyonifikisha hapa."

Aliiweka barua kwenye droo, taratibu, kama anayelaza mtoto. Lakini mimi nilisomeshwa na walimu wa masomo ya jioni, waliotuagiza kuandika kila kitu nakala mbili.

Ijumaa, tarehe 21 Januari, kulikuwa na kikao cha wenye bucha na idara. Mzee Shabani naye alifika, akakaa karibu na mlango, mahali pa mtu ambaye hakualikwa. Ilipofika ajenda ya mengineyo nilisimama na kuisoma nakala yangu, kurasa zote mbili. Sauti ilitetemeka ukurasa wa kwanza. Wa pili haikutetemeka.

Mwita alikuwa wa kwanza kusema. "Mama, unatupaka matope. Watu wamekula, hakuna aliyeugua."

Mzee mmoja mwenye bucha karibu na stendi, Mwislamu, aliinua mkono. "Sisemi kuugua. Nauliza. Huyo wa tarehe ishirini na tatu, kisu kilipomfikia alikuwa hai?"

Wenye bucha waligeuka kumtazama Mwita, na mzee yule akaendelea.

"Kitabu kinasema mzima, na mwenye kitabu anasema hakuona. Nani alimwona?"

"Mimi," alisema Mzee Shabani kutoka mlangoni. "Ndiyo maana nilikataa."

Kikao kilifungwa bila sala. Kabla ya Jumapili mji mzima ulikuwa unajua. Waislamu waliacha kununua bucha za Mwita, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwahakikishia kwamba si kibudu. Walimu na wauguzi wa mikoa mingine, ambao hula pamoja bila kuulizana dini, waliacha nao. Kisha wakaacha Wakurya wenyewe, ambao hawakuwa na wasiwasi wa kibudu lakini hawakupenda kuonekana wanakula kilichokataliwa na wenzao. Nyama ya Mwita ilining'inia hadi alasiri, inzi wakiwa ndio wateja.

Wiki ya pili ya Februari Mwita alikwenda mwenyewe barazani kwa Mzee Shabani. Alirudi na masharti: lijengwe banda lenye kivuli, liwekwe birika la kunyweshea, ng'ombe walale pale usiku mmoja kabla ya kuchinjwa, na asiyeingia kwa miguu yake asichinjwe. Banda lilijengwa kwa siku tano. Tangu niajiriwe tuliambiwa ofisini kwamba haliwezekani, lasubiri bajeti. Nisieleweke vibaya: hawakulijenga kwa huruma. Walilijenga kwa kuogopa vikapu vitupu. Nilijifunza kwamba katika nchi yetu ng'ombe hana mtetezi mkubwa kuliko mteja aliyegoma, na somo hilo halikuwa katika mtaala wa chuo.

Mzee Shabani alirudi kazini Jumanne, tarehe 15 Februari, kofia yake imefuliwa. Siku hiyohiyo nilipewa barua ya onyo kwa kuvunja taratibu za mawasiliano ya ofisi. Ninayo hadi leo, nimeiweka katika bahasha ya vyeti vyangu, na katika bahasha ile ndiyo karatasi ninayoijali kupita zote.

Kesho yake nilifika machinjioni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Walikuwa watatu bandani. Mzee alininyooshea kidole kwa dume moja jeusi. "Haya, afisa. Tambulishwa." Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimechunga ng'ombe tangu utoto, nimesoma, nimekagua mamia, na kwa muda sikujua nianzie wapi. Kisha masikio, pua, macho, mwendo, yakarudi yote. Niliandika hadi safu ya tatu ikajaa, nikaendelea pembeni mwa ukurasa: ametembea siku moja, amekunywa, mguu wa nyuma una jeraha linalopona, ametulia. Mchana ule nilinunua nusu kilo yake. Nilikula polepole, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilijua ninamla nani. Sijaacha kula nyama. Ila tangu siku ile sijaila kwa wepesi, na sioni kwa nini mtu aile kwa wepesi.

Tarehe 1 Julai nilihamishiwa upande wa Tarime. Barua ilisema ni kwa mahitaji ya kazi. Huko nilikaa miaka kumi na minne kasoro siku moja, na kila siku ya kazi nilifika kabla ya kisu. Nilikataa ng'ombe walioshushwa kwa kuvutwa, nikapigiwa simu na wakubwa waliokosa supu. Niliona malori yaendayo mpakani Sirari, yamejazwa hadi aliyeanguka hukanyagwa na wenzake njia nzima. Niliona kuku wamening'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda, ishirini kwa pamoja, na dereva akaniuliza kama nataka wawili. Vita vingine nilishinda, vingi nilishindwa. Mzee Shabani alichinja miaka minne zaidi, akafariki. Nilipopita kule mwaka juzi, birika lake lilikuwa limejaa ngozi zilizotiwa chumvi.

Sasa hasira niliyoiahidi.

Jumatano, tarehe 9 Julai, siku ya tisa ya kustaafu kwangu, nilikwenda kituo changu cha mwisho kurudisha gambuti na ufunguo wa kabati. Neema, binti aliyepokea nafasi yangu, mwenye shahada na adabu nzuri, alikuwa ametoka mara moja. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Nilikiangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto wake aliyemwacha kwa jirani. Safu ya tatu ilikuwa imejazwa kwa siku hiyo ya Jumatano. Ilikuwa imejazwa pia kwa Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo zilikuwa hazijafika, wanne wanne kila siku, kwa mwandiko safi. Ng'ombe wa Jumamosi walikuwa bado hawajauzwa. Huenda walikuwa wanakula majani huko kijijini Busawe. Na tayari walikuwa wazima.

Neema aliingia, akaniamkia, akaona nilipokuwa ninatazama.

"Mama, ni kurahisisha tu. Wiki hii nina ripoti ya robo mwaka."

"Nilikuonyesha miezi mitatu, binti yangu. Tulikuja pamoja alfajiri."

"Nakumbuka, mama. Lakini wewe ulikuwa na moyo huo. Wengine wote wanajaza." Alifunga kitabu kwa upole. "Na samahani, mama, lakini si umestaafu?"

"Nimestaafu," nilimwambia. "Sasa mimi ni mteja."

Leo, Alhamisi, tarehe 10 Julai, nilisimama nje ya lango la machinjio kuanzia saa kumi na moja na dakika arobaini. Walipita wanne. Wa kwanza na wa pili walikuwa wamechoka lakini wanatembea. Wa tatu alikuwa na mkia uliovunjika mara mbili, damu mbichi. Wa nne aliburutwa. Saa mbili kamili nilikuwa sokoni, kwenye foleni ya bucha iliyopelekewa nyama ya huyo wa nne, na mwuzaji aliponiuliza kilo ngapi, nilimuuliza nani alimwona ng'ombe huyu akiwa hai.

"Imegongwa muhuri, mama. Tazama hapa."

"Muhuri nimeugonga miaka kumi na sita, najua unavyogongwa. Nimeuliza nani alimwona. Mimi nimemwona. Aliburutwa."

Aliweka kisu chini. Nyuma yangu mwanamke mmoja aliyekuwa ameshatoa pesa alizirudisha kwenye pindo la khanga yake, akasogea mbele, akasimama bega kwa bega nami. Wa nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Saa mbili na robo tulikuwa wanawake sita, vikapu vitupu, tukisubiri kujibiwa.